Ua Lililoitwa Bado

Fundi mwashi alipiga kigingi cha kwanza katikati ya maua, akavuta kamba mpaka ukutani, akapiga cha pili, kisha akasimama mikono kiunoni kama mtu aliyekwisha kujenga.

"Chumba chenu ndicho hiki," alisema. "Mlango huku, dirisha kule. Haya majani yote yaondoke kabla sijaleta mchanga."

"Si majani," alisema kinyozi.

"Basi hayo yasiyo majani, yaondoke."

Mke wa kinyozi alikuwa chini ya kibanda cha bati akipiga pasi shuka za watu, maana yeye ni dobi. Alitaka kucheka, akazidi kukandamiza pasi. Chumba kile kilikuwa kwa ajili ya mama yake mzazi. Bi kizee alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, hospitali wakamtia vyuma, na sasa walikuwa wanasema arudi nyumbani, mahali pasipo na ngazi. Dobi alikuwa amempigia simu kaka yake, mwenye nyumba kubwa kuliko ndugu wote.

"Dada, unajua kwangu ni ghorofa," kaka alisema.

"Si una sebule chini?"

"Sebule ni ya wageni."

"Na mama ni nani?"

"Dada, usianze."

Hakuanza. Alikata simu, akapiga pasi kola moja mpaka ikawa ngumu kama bati, na machozi yakawa yanadondoka juu yake yakichemka. Ni kinyozi aliyesema, hata bila kuombwa, "Uani kuna nafasi."

"Uani kuna maua yako, baba."

"Maua yanahamishika. Mama akianza kuhamahama atavunjika na nyonga ya pili."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayetoa kiti kwa mgeni, kisha akatoka nje. Dobi alimwona kupitia dirishani akiwa amechuchumaa, anayashika majani, moja moja.

Maradhi ya maua yalimwanza kinyozi kwa mteja mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye siku moja alikuja kunyolewa akiwa na mizizi imefungwa kwenye gazeti bichi. Kinyozi aliipanda kwa adabu tu. Ikatoa majani marefu membamba, ikatoa bua, na asubuhi moja likafunguka ua la njano kubwa kuliko kiganja. Jioni likafumba, likanywea, likaisha. Kinyozi alihuzunika. Kesho yake, juu ya bua lile lile, likafunguka jingine.

"Haya si maua, ni vibarua," dobi alisema. "Yanaingia kazini asubuhi, jioni yanatoka, kesho wanaletwa wengine."

Jina likashika mtaa mzima. Maua vibarua. Mwalimu mmoja akaleta jekundu, mkunga wa zahanati akaleta la rangi ya chai ya maziwa, na kinyozi, ambaye hajui kukataa zawadi, akawa anapanda tu. Kila ua aliliita kwa jina la aliyempa: la Dereva, la Mwalimu, la Mkunga. Yakizaliana na kusongamana aliyachimbua, akayagawa mashina, akagawia watu. Mteja aliingia dukani kwake akatoka na kichwa chepesi na mkono mzito. Kabla ya kutoa shina alilikata majani kwa mkasi, yabaki mafupi, ili mizizi iliyochoka isilishe vinywa vingi. Watu wakasema yule bwana mikono inamwasha, hata mimea anainyoa. Na siku zote alitoa shina lililonona kuliko yote. "Mgeni hapewi makombo," alisema, akabaki na vikonda.

Dobi alimtania, lakini mchango wake alitoa. Madumu yake ya sabuni yaliyokwisha ndiyo yaliyokatwa vibao vya kuandikia majina. Wino ulikuwa wake pia, ule anaotilia alama kwenye nguo za wateja zisichanganyike. "Huu hautoki hata kwa maombi," alimwambia mumewe alipompa kichupa. Na tuseme kweli: kila asubuhi, kabla hajawasha jiko la pasi, alipita kwanza uani kuangalia nani kafunguka.

Kibao kimoja hakikuwa na jina la mtu. Kinyozi alikuwa amechukua pamba, ile ya kufutia mteja aliyekatwa na wembe, akapaka chavua ya ua la Dereva ndani ya ua la Mkunga, kisha akangoja. Likatoka tunda dogo lenye mbegu nyeusi kama pilipili manga. Miche mitatu ikaota. Miwili ilipekuliwa na kuku wa jirani, asubuhi moja tu, ikaliwa.

"Kuku hajui ua," jirani alisema juu ya ukuta.

"Mwenye kuku je?" kinyozi alijibu, na hapo ndipo salamu zilipokatika. Mume wa Mama Kuku, kama mtaa unavyomwita yule jirani, akawa anakwenda kunyolewa mtaa wa pili na kurudi na kichwa kimepandwa matuta.

Mche uliobaki ulikuwa na majani tu, mvua zikija mvua zikiisha. Hakuna aliyejua utatoa ua la namna gani, na duniani kote hapakuwa na mwingine kama huo. Kibao chake kinyozi alikiandika neno moja: Bado.

*

Siku moja kabla ya kuwagawia watu maua yote, dobi alikwenda hospitali kumwogesha mama yake.

"Nasikia mkwe wangu anang'oa maua yake kwa ajili yangu," bi kizee alisema akitazama ukuta.

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako. Kaniletea machungwa."

"Machungwa na maneno."

"Mniache hapa hapa, mwanangu. Sitaki kuwa mzigo unaobomoa nyumba ya watu."

Dobi alirudi nyumbani na kisu moyoni. Alikuta uani pamekuwa patupu. Kinyozi alikuwa ameng'oa kila kitu alfajiri, akayanyoa maua yote, akayapanga kando ya ukuta juu ya magunia mabichi, kila shina na kibao chake, ndipo akaenda dukani. Yote yalikuwa mafupi, kijani, sawasawa, kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kufungua shule. Dobi aliyatazama akaona uchungu, akataka sana kumfanyia mumewe jambo jema. Na jambo jema analolijua dobi ni moja.

Vile vibao vilikuwa vimejaa matope. Kesho watu watakuja kuchukua, waseme nini? Kwamba nyumba ya dobi inatoa vitu vichafu? Akavikusanya vyote, akavitumbukiza kwenye ndoo pamoja, bila wasiwasi, kama anavyotumbukiza mashati ya nyumba kumi, kwa sababu kitu chenye alama hakipotei. Akatia na dawa ya madoa kidogo. Akaenda kumalizia pasi.

Aliporudi, maji yalikuwa ya buluu na vibao vyeupe pe. Alikitoa kimoja, akakigeuza. Akatoa cha pili. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya ndoo akawa anavivua kwa pupa. Wino ambao haujawahi kutoka kwenye shati hata moja ulikuwa umetoka kwenye plastiki kama vumbi.

Alivikausha kwa kitambaa, akavichomeka kila kimoja mbele ya shina, vitupu, akakaa kungoja.

"Umenunua vibao vipya?" kinyozi aliuliza alipoingia.

"Ni vile vile. Nimevifua."

"Umevifua."

"Vilikuwa na matope. Na wino wangu hautoki, si unajua, hautoki..."

"Hautoki kwenye nguo, mke wangu." Alikiinua kimoja, akakitazama huku na huku. "Hii ni plastiki."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kinyozi asiyesema hana wateja, lakini sasa alikuwa akikigeuzageuza tu kile kibao kitupu.

"Na Bado?" dobi aliuliza kwa sauti ndogo. "Huwezi kulitambua?"

"Lingekuwa na majani yake, labda. Nimelinyoa mimi mwenyewe, sawa na wenzake."

Hapo dobi alilia, bila kujificha, kwa ajili ya maua na ya mama na ya sebule ya kaka. Kinyozi alimwacha alie, kisha akamvuta kanga begani.

"Basi, mama. Kazi yako ni kufua, umefua. Ungekuwa seremala ungevipiga randa."

Alicheka katikati ya kilio. Lakini chakula hakikumshuka kinyozi siku hiyo, na dobi aliliona hilo.

"Tubakishe machache kwenye ndoo zangu," alisema.

"Machache yapi? Na wewe utafulia nini? Kuchagua bila kuona si kuchagua. Acha yaende."

*

Kugawa kitu chenye maua ni rahisi. Kugawa vishungi vya majani yaliyokatwa ni shughuli nyingine. Waliozoea kuja walikuja, wakachukua, wakasema asante kwa mashaka. Mzee mmoja aliomba mashina mawili, akasema anapenda sana maua, huku kamba ya mbuzi imemzunguka mkononi. Kinyozi alimpa moja. Alipopeleka jingine kwa mteja wake anayekaa kwenye nyumba zenye mageti, mlinzi alimwambia biashara ya mboga hairuhusiwi.

"Si mboga. Ni zawadi."

"Zawadi zina kadi, mzee." Kinyozi aliliegemeza kando ya geti, akaondoka.

Dobi naye alibeba mawili, yametiwa kwenye sufuria mbovu, pamoja na mzigo wa shuka. Bibi mwenye shuka alizihesabu shuka, akatazama zile sufuria mbovu zenye udongo, akasema, "Hivyo viache nje, vitachafua vigae." Dobi aliviacha nje kwa heshima zote, akarudi nyumbani ana hasira za kutosha kupigia pasi bila moto.

Jioni kilibaki kishungi kimoja, kidogo kuliko vyote. Kinyozi alikuwa amelala chali kitandani na viatu vyake. Dobi alikichukua kishungi, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka ukuta.

"Hodi, jirani."

Mama Kuku alifungua nusu mlango. Alimtazama dobi, akatazama kile kishungi.

"Umekuja kunitukana kwa majani?"

"Nimekuja kukupa ua. Hatuna tena pa kulipanda."

"Na mumeo kakutuma?"

"Hajui."

Mama Kuku alifungua mlango wote. Kuku watatu walikuja wakasimama nyuma yake kama mashahidi. "Mimi najua anachonifikiria," alisema mwishowe. "Sikuwatuma wale kuku. Niliona haya, nikaona afadhali niwe mkali."

Akakipokea. Akakipanda ndani ya beseni lililotoboka, na juu yake akafunika tenga la kubebea kuku. "Mwaka huu watafungwa wao nje, na ua ndani," alisema. Dobi aliporudi na kuulizwa amekipeleka wapi, alisema kwa mteja. Mama Kuku alikuwa amewahi kumletea blanketi, kwa hiyo uongo haukuwa mkubwa.

*

Chumba kiliisha, kizuri, na dirisha lake likatazama uani. Chini ya dirisha fundi aliacha ukanda wa udongo usiozidi upana wa ubao wa pasi. Bi kizee aliletwa, akawekwa kitandani, na kitandani akabaki. Nesi alikuwa amesisitiza atembee kila siku na mkongojo wake. Yeye alifika mlangoni, akaona saruji pale palipokuwa na maua, akarudi.

"Nimelalia maua ya mkwe wangu," alisema kila alipobembelezwa. "Hata kutembea naona nayakanyaga."

"Yameolewa tu, mama," kinyozi alimjibu. "Yako kwa waume zao."

Kisha mvua zikaja, zikapita, na waume wakaanza kuleta habari. Wateja waliingia dukani kabla hata ya kuketi: kwangu limefunguka la njano. "Hilo ni la Dereva." Kwangu jekundu lenye mstari. "Hilo nilipewa na fundi redio." Hata mlinzi wa getini alikuja, kofia mkononi, akasema lile alilolikataa alilifuata baadaye kwenye jalala akalipanda nyuma ya kibanda chake, na sasa kila anayeingia anamuuliza jina. Kinyozi alimnyoa bure.

Dobi alivitoa vile vibao vitupu. Alichoma waya kwenye makaa ya pasi, na kila jina lililopatikana akaliandika kwa moto, likazama ndani ya plastiki. "Hii haitoki," alisema, "maana si wino." Kinyozi akawa anazunguka nyumba hadi nyumba akivichomeka, akinywa chai ya watu, akirudi ana hadithi. Bustani yake sasa ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Tofauti ni kwamba ilimlazimu kupiga hodi ili aione.

Mwishowe vikabaki vibao viwili tu, cha ua la Mwalimu na cha Bado. Na habari moja mbaya: yule mzee apendaye maua alikiri kwamba shina lake mbuzi alilifaidi siku ile ile.

"Moja limeliwa," kinyozi alisema akiwa anakula. "La Mwalimu nililigawa miaka yote, lipo kila mahali. Likiwa ndilo lililoliwa, si neno. Ila Bado ni lile lile moja." Akasukuma sahani. "Na lile ulilompa mteja wako, halijatoa?"

"Nitamuuliza," dobi alisema.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Kila asubuhi alipokuwa akianika shuka alisimama juu ya ndoo, akachungulia upande wa pili, akaona tenga, na chini ya tenga bua linalopanda. Lina tumba moja tu. Angemwambia nini mumewe? Kwamba roho yake aliikabidhi kwa wale kuku? Na likifunguka jekundu la Mwalimu, basi yeye dobi, kwa kufua vibao, ndiye aliyemlisha mbuzi ua pekee la mumewe. Aliomba kila shuka aliyoitundika.

*

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo duka la kinyozi hujaa mpaka nje, dobi aliposikia sauti juu ya ukuta.

"Dobi! Dobi wee! Limefunguka!"

"Rangi gani?"

"Mimi nitajua rangi gani? Njoo ulione mwenyewe!"

Alipanda ndoo. Tenga lilikuwa limeondolewa. Lilikuwa ua la rangi ya papai lililoiva, kingo zimejikunja kama nguo iliyotolewa pindo, na kooni lina wekundu wa kahawia, ule ule wa chai. Halikuwa la Mwalimu. Halikuwa la mtu yeyote. Dobi aliteremka, akasahau viatu, akakimbia.

"Baba watoto! Limefunguka, liko kwa Mama Kuku!"

Duka zima liligeuka. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na mteja chini ya povu. "Kwa nani?"

"Utanigombeza jioni. Sasa hivi twende, jua likizama hulioni tena."

Kinyozi alitoka kama alivyo, aproni kiunoni na wembe juu. Mteja akamfuata, ndevu nusu na povu nusu, akilalamika kwamba hata yeye ana siku moja tu, maana kesho anaoa. Waliokuwa foleni wakawafuata wote wawili ili wasipoteze zamu.

Bi kizee aliona kundi likipita getini. "Kuna msiba?" aliita dirishani.

"Kuna ua, mama!" dobi alisema. "Lile la mkweo. Lipo kwa jirani."

"Nilione kesho."

"Kesho litakuwa limekufa."

Bi kizee alitupa shuka pembeni. Kisha akasema kwa ukali, kama aliyecheleweshwa na watu wengine, "Sasa mkongojo wangu mmeuficha wapi?"

Walikwenda polepole, akasimama mlangoni akapumua, akavuka saruji, akasimama getini akapumua tena. Akakataa kushikwa. Walipofika, watu walikuwa wamelizunguka beseni, na kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele yake, wembe umelala chini, machozi yanamtoka wazi wazi. Mama Kuku alisimama kando amebeba jogoo kwapani kwa nguvu ili asilete aibu.

"Ndilo?" bi kizee aliuliza.

"Ndilo, mama. Umekuja kwa miguu?"

"Ulitaka nije kwa mabawa?" Aliinama kidogo juu ya mkongojo akalitazama sana. "Kwa hiyo sikulilalia."

"Hukulilalia, mama."

Mama Kuku alikohoa. Hakuwa amemsemesha kinyozi tangu siku ya kuku. "Nafikiri utataka kulichimba," alisema. "Ni lako. Beseni utanirudishia."

Kinyozi alisimama, akapangusa magoti. Dobi alimjua, aliona jinsi mikono ilivyokuwa inataka.

"Limekaa vizuri kwako," alisema kinyozi. "Ukilisumbua sasa litakasirika. Likizaliana, utanipa kishina."

"Nitakupa kilichonona," alisema Mama Kuku. "Mgeni hapewi makombo, si ndivyo?"

"Basi nitaliita la Mama Kuku."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka jogoo akamponyoka, ikabidi mteja mwenye povu amkimbize. Siku hiyo mume wa Mama Kuku aliingia dukani kwa kinyozi kimya kimya, akavua kofia, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Jioni ua lilipoanza kufumba, dobi alikichukua kibao cha mwisho, kile alichokichoma neno Bado kwa waya siku nyingi zilizopita na kukificha chini ya shuka za wateja. Aliinama chini ya dirisha la mama yake, kwenye ule ukanda wa udongo mtupu, akakichomeka.

"Hapo mmepanda nini?" bi kizee aliuliza kutoka ndani.

"Kibao tu, mama. Ua lenyewe liko kwa jirani, litakuja."

"Na kuku je?"

"Nimesikia hiyo!" sauti ilisema kutoka upande wa pili wa ukuta.